Shimo la Ndizi na Kipimajoto cha Shule

Shule yetu ya Heru Juu ilikuwa na kipimajoto kimoja. Mkuu wa shule alikitunza kwenye kabati la ofisini kwake, pamoja na muhuri na kombe la mpira la mwaka ambao hakuna mtu aliyeukumbuka. Ukitaka kukitumia ulijaza fomu, ukataja darasa, kipindi na sababu, kisha ukasubiri. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka sita nimefundisha mada ya joto huku wanafunzi arobaini wakikitazama kijiti hicho kwa zamu, kila mmoja sekunde tano.

Siku nilipoomba kwenda nacho nyumbani Titye kwa wiki nzima, mkuu alivua miwani.

"Nyumbani kuna darasa gani, mwalimu?"

"Kuna shimo la ndizi, mkuu."

Nikamweleza. Jumamosi ile ndugu zangu walikuwa wanakwenda Kibondo kunichumbia, na kwetu huendi kuomba mke mikono mitupu. Unakwenda na urwarwa, pombe ya ndizi, na wakwe wanaipima pombe ile kabla hawajakupima wewe. Ikiwa chachu au nyepesi wanasema kwa upole kwamba binti bado anawaza. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao hata ndugu zako wameacha kukuuliza. Binti mwenyewe alikuwa anauza vitambaa sokoni Kibondo, na alikuwa amenisubiri kuliko nilivyostahili. Ndizi za kutosha zilikuwepo za shimo moja tu. Likiharibika hilo, hakuna lingine mpaka migomba izae tena.

Mkuu alisikiliza yote hayo, akaandika kwenye fomu: "Matumizi: ndoa." Akanikabidhi.

Lakini sikumweleza jambo lililonifurahisha zaidi. Ni mama yangu mwenyewe aliyekiomba kipimajoto. Alinipigia simu akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha, "ukija uje na kile kijiti chako cha joto."

Ili uelewe furaha yangu lazima umjue mama. Ni mjane, na Titye nzima hakuna anayeivisha ndizi kama yeye. Watu huchimba shimo, huwasha moto ndani likapata joto, hutoa makaa, hutandika majani ya mgomba, hupanga ndizi mbichi, hufunika majani na udongo. Pembeni huacha mdomo mdogo wa kupitishia joto la moto unaofuka. Baada ya hapo wanamwita mama. Yeye huingiza mkono kwenye mdomo ule, hufumba macho, halafu husema "bado" au "inatosha". Tangu nirudi kutoka chuoni nilikuwa nabishana naye kwamba mkono si chombo cha kupimia. Yeye hujibu kwamba pombe ya chombo changu haijawahi kunywewa na mtu. Sasa, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa amesalimu amri kwa simu. Niliona sayansi imeshinda, nikasahau kujiuliza kwa nini.

Kipimajoto nilikisafirisha ndani ya chupa ya chai, nimekizungushia soksi mbili. Dereva wa bodaboda alitaka kujua ni chai ya aina gani isiyotikiswa. Nilipomwambia alisimamisha pikipiki katikati ya kilima akaomba apimwe. Nikampima kwapani, kando ya barabara, nikamwambia ni thelathini na sita.

"Kati ya ngapi?" akauliza.

Nikasema kati ya mia. Alisikitika mpaka tulipofika, na ingawa nilimweleza mara mbili kwamba si mtihani, aliondoka akisema ataanza kula matunda.

Nyumbani nilimkuta mama na mzee jirani, rafiki wa marehemu baba, ambaye tangu astaafu kulinda msitu wa serikali anasimamia mambo yetu. Shimo lilikuwa limefunikwa asubuhi ile, siku ya Jumapili. Nilipiga magoti, nikaingiza kipimajoto kwa uzi, nikahesabu dakika tatu, nikakivuta.

"Thelathini na moja," nikatangaza.

"Na inatakiwa ngapi?" mama akauliza.

Hapo nilikwama. Vitabu vyangu vina kiwango cha kuyeyuka kwa risasi na kuchemka kwa zebaki. Hakuna ukurasa wowote unaosema ndizi ya pombe inataka ngapi.

"Wewe ndiye unayejua, mama."

"Mimi najua kwa mkono."

"Basi weka mkono, tulinganishe na namba."

Akarekebisha kanga yake, akasema, "Si umeleta kijiti? Soma kijiti."

Nikasema thelathini na tano inatosha. Sijui niliitoa wapi. Nadhani niliipenda kwa sababu inaisha na tano. Mama akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa mbele darasani, akaenda kuchochea moto wa pembeni mpaka nikamwambia aache. Sikuwahi kumwona mama yangu akinitii namna ile, na najuta kusema kwamba nilifurahi sana.

Kufikia Jumatatu kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Mama mmoja alikuja na uji wa mwanawe, mwingine na mbuzi anayekataa kula. Mzee jirani aliwapanga foleni kwa kirungu chake cha zamani. Yeye alipimwa wa kwanza, na mkewe wa pili, wote thelathini na sita. Jambo hilo lilimkalisha chini.

"Mwalimu," akasema, "mimi thelathini na sita, mama huyu thelathini na sita. Tukilala pamoja si tunakuwa sabini na mbili?"

"Hapana mzee. Mnabaki thelathini na sita."

"Tukiongeza blanketi?"

"Hata mkiongeza blanketi."

Alinitazama kwa huruma. "Basi watu wanaoa kwa nini?"

Kwa mtu aliyekuwa anakwenda kuposa Jumamosi lile halikuwa swali zuri. Nilijaribu kueleza kwamba halijoto ni ukali wa joto, na huwezi kujumlisha ukali. Joto lenyewe ni nishati, lina wingi wake, na hilo ndilo linalojumlishwa. Nikachukua mfano wa moto wetu. Cheche ina halijoto kubwa kuliko sufuria ya maji ya kuoga, lakini cheche ikikuangukia unaipangusa tu. Sufuria ikikumwagikia unalazwa. Cheche ni kali lakini haina mzigo. Watu wawili kitandani wana ukali uleule na mzigo mara mbili.

"Ego," mzee akaitikia, akimtazama mkewe. "Mzigo ninauona."

Foleni nzima ilicheka, na mkewe alicheka kuliko wote. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imefichwa ndani ya kanga, anatazama shimo. Shimo lilikuwa limefika thelathini na tano yangu tangu usiku, na harufu ya ndizi haikuwa imeanza kutoka.

"Zimelala," akasema. "Kijiti chako kimezilaza."

Nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, na zinakuwa karibu zaidi ninapojua nimekosea. Nikaona dawa ni kumwonyesha mara moja tu, mbele ya watu, kwamba mkono hudanganya. Kuna jaribio la zamani ambalo halijawahi kuniangusha darasani. Unaweka mabeseni matatu: la kwanza maji baridi ya kisimani, la mwisho maji ya moto ya kuvumilika, la katikati vuguvugu. Mtu anaweka mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye moto, kwa dakika mbili. Kisha anahamisha yote miwili kwenye beseni la katikati. Mkono uliotoka kwenye baridi utaapa kwamba maji ni ya moto. Uliotoka kwenye moto utaapa ni baridi. Maji ni yaleyale. Joto hutoka palipo na zaidi kwenda palipo na pungufu, na ngozi inachokisikia ni huko kwenda na kurudi tu. Wanafunzi hupiga kelele kila mwaka.

Mama akakataa. Nikasisitiza. Watu wakasisitiza. Mwishowe akakunja kanga, akaweka mikono. Dakika mbili zikapita, akahamisha.

"Haya mama, mkono wa kulia unasemaje?"

Akanitazama usoni. "Vuguvugu."

"Na wa kushoto?"

"Vuguvugu."

Hilo haliwezekani. Nikarudia, safari hii nikiongeza moto kwenye la moto. Vuguvugu na vuguvugu. Mzee jirani akajaribu, akaruka akapaza sauti kwamba mikono yake imegombana. Mkewe naye vivyo hivyo. Mama akarudia mara ya tatu kwa sababu nilimlazimisha, na jibu lake likawa lilelile, tena sahihi kabisa. Alikuwa anasema ukweli wa beseni, ukweli ambao hakuna mkono wa mtu unaoweza kuusema.

"Unafanya makusudi," nikamwambia, mbele ya foleni yote na yule mbuzi. "Umeniita nije, halafu unaniaibisha. Ukaidi tu."

Mama alijifuta mikono, akaingia ndani. Nilikula peke yangu jioni ile, ugali wa muhogo na maharage, nikijiona mtu mwenye haki. Nikikumbuka naona haya mpaka leo.

Jumanne asubuhi nilitoka kwenda kunawa. Niliporudi, mzee jirani alikuwa amechuchumaa mbele ya moto wa pembeni. Alitaka kujua moto wenyewe una ngapi. Aliniambia baadaye kwamba usiku hakulala kwa kuwaza hivyo, kwa kuwa kila mtu amepimwa na moto ndio wenye kazi. Kipimajoto chetu kinaishia mia na kumi. Alikisimika katikati ya makaa. Ulisikika mlio mdogo wa kupasuka, na kale kawino kekundu kakachemka kwenye majivu kakaisha.

"Moto umekataa kupimwa," mzee akasema.

Nilikaa chini kwenye umande. Siku mbili zilibaki kabla ya kufungua shimo, nayo ilikuwa lazima tulifungue Alhamisi ili pombe ipate kuchacha. Ndizi zilikuwa ngumu kama siku ya kwanza. Ukizidisha moto zinaiva nusu kwa kupikika, hazitoi juisi, zinafaa kulishwa nguruwe. Ukipunguza, zinabaki ndizi. Na mimi sikuwa tena hata na namba ya kubahatisha.

Nikamwita mama. Nikamwambia umeshinda, kijiti hakipo, weka mkono.

"Mwite mwingine," akasema.

"Mwingine nani? Watu wa kata nzima wanakuja kukuita wewe!"

Mama alisogea shimoni. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye mdomo wa shimo, akafumba macho kama zamani. Nami nilisubiri lile neno moja, "bado" au "inatosha". Mkono wake wa kushoto aliuegemeza kwenye jiwe la pembeni ili asianguke. Lilikuwa lile jiwe la mafiga ambalo moto wetu ulikuwa umelipasha tangu Jumapili. Mimi nilikuwa nimeligusa kwa bahati mbaya jana yake nikaruka hatua mbili. Mama aliliegemea kwa kiganja chote na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Nikamvuta mkono. Kiganja kilikuwa chekundu. Juu yake kulikuwa na makovu mengine, mapya na ya zamani kidogo, ambayo kanga ilikuwa imeyaficha siku zote hizo. Ndipo mabeseni yaliponirudia, yote matatu kwa pamoja. Hakuwa amenidanganya. Aliyatazama mabeseni, akaona la katikati halitoi mvuke wala halina ubaridi wa kisimani, akabuni jibu la mwanafunzi mzuri.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mavuno ya maharage. Nikishika kitu ni kama nimevaa soksi mikononi." Akatazama kama mzee yuko mbali, akashusha sauti. "Mwana wanje, watu wakijua vidole vyangu havisikii watasema neno moja tu, na unalijua. Watasema ukoma. Nani atakunywa pombe ya mikono hii? Wakwe zako?"

Nikalia. Nililia kwa sababu ya ule moto kwenye kiganja chake, na kwa sababu ya neno "ukaidi". Baadaye tulipompeleka hospitali walisema ni sukari, na ukoma hana, na siku hiyo alimshukuru daktari kwa ugonjwa wa sukari kama mtu aliyepewa mbuzi. Lakini asubuhi ile hatukujua.

Yeye hakulia. Aliniacha nimalize, akasema, "Una mkono wewe. Uingize."

Nikauingiza mpaka kiwiko.

"Kukoje?"

"Kuna joto."

"Joto lipi?"

Mwalimu wa fizikia alifikiri. "La wastani."

"Hilo halipo," mama akasema.

Nikajaribu tena. Nikasema ni kama chai iliyosahaulika. Akauliza iliyosahaulika na nani, maana mimi tangu utoto napenda chai iliyopoa. Nikasema kama kiti alichotoka kukalia mtu. Akauliza mtu mnene au mwembamba. Tulibishana hivyo mpaka akachoka, akasema mkono wangu haujafunzwa, na akanituma mtoni nikashike jiwe lililo chini ya maji, nihesabu mpaka hamsini, nisisahau. Niliporudi, vidole vimekufa ganzi, alinielekeza nyuma ya jiko, kwenye kapu la kuku anayeatamia.

"Weka mkono chini yake. Hapo ndipo ndizi zinapotaka kufika."

Kila kipimajoto duniani hutengenezwa kwa alama mbili: barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka. Kati ya alama hizo mbili ndipo wanapochora mistari. Nimeandika hivyo ubaoni miaka sita. Sasa nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya jiko la mama yangu, nikichorwa mistari na kuku. Alinidonoa mara nne. Nilivumilia, kwa sababu chini ya manyoya yale kulikuwa na joto ambalo sikuwahi kulijua, tulivu, linalokaa pamoja na wewe bila kukuunguza.

Nikarudi shimoni.

"Iko wapi?" mama akauliza.

"Imetoka mtoni zamani. Lakini kwa kuku bado ni mbali."

Uso wake ukafunguka. "Sasa unaongea," akasema. "Ongeza kuni mbili, za mti mkavu."

Jumanne yote na Jumatano yote nilikwenda kati ya kuku na shimo, mkono umejaa alama za kudonolewa, mama ameketi kwenye kigoda akiuliza na kuamuru. Mzee jirani alipewa kazi ya kumshika kuku kichwa. Alikubali kwa unyenyekevu, kwa kuwa alikuwa na deni la kipimajoto. Alijua pia kuhusu mikono. Alikuwa amebaini wiki nyingi nyuma na hakusema kwa mtu, na kwa ajili hiyo nimemsamehe mambo mengi. Jumatano mchana niliingiza mkono nikauacha humo.

"Nini?"

"Kuku, mama. Ni kuku kabisa."

"Inatosha," akasema. Kabla jua halijazama harufu ilitoka shimoni, tamu, ikajaza uwanja, na mama akaivuta kwa pua iliyokuwa bado nzima.

Alhamisi tulifungua. Nilikanda na kukamua mimi kwa nyasi, yeye akisimamia, tukatia unga wa mtama uliokaangwa. Ijumaa usiku pombe ilikuwa inazungumza ndani ya madumu. Jumatatu iliyofuata nilijaza fomu ya mkuu, penye "sababu ya kuvunjika" nikaandika "udadisi", na alipouliza kidato cha pili watapimia nini sasa, nikamwambia shule inunue kuku. Hajanijibu hadi leo.

Ile Jumamosi, Kibondo walitupokea vizuri. Tulipiga makofi ya salamu kama desturi yetu ilivyo, mwidiwe, mwidiwe, na makofi ya mama yalisikika sawa na ya wengine. Baba mkubwa wa binti alivuta funda moja, akatulia, akavuta la pili.

"Kaivisha nani hii?" akauliza.

"Mkono wangu," mama akasema, akaniwekea kiganja begani. Wakaelewa walivyoelewa, na kikombe kikazunguka.

Binti akatolewa ndani kusalimia. Alipiga magoti, na mama akaishika mikono yake yote miwili, akakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida, mpaka watu wakaanza kutabasamu wakidhani ni furaha. Mimi niliuona uso wa mama. Alikuwa anatafuta kitu na hakipati.

Tulipopewa nafasi ya kupunga hewa uani, alinivuta kando ya tangi la maji, akaniuliza kwa Kiha, taratibu:

"Wewe umemshika. Mikono yake ikoje?"

"Ya baridi, mama. Kama jiwe la mtoni. Nadhani ni woga."

Alitazama viganja vyake, akavirudisha ndani ya kanga.

"Basi uipashe," akasema. "Ikifika kuku, uje uniambie."